Jinsi ya Kugawa Silabi na Kutamka "Primogeniture": Mwongozo Kamili kwa Mzungumzaji wa Kiswahili

Kati ya maneno yote ya Kiingereza cha mirathi, hakuna ninaloulizwa mara nyingi kama "primogeniture". Wanaoniuliza wanajua maana yake na wanaliandika bila kosa. Shida huanza wakitakiwa kulisoma kwa sauti mbele ya watu. Hapo mwendo hupungua, neno hukatika katikati, na mwisho wake humaliziwa kwa kunong'ona.

Nimesikiliza rekodi nyingi nilizotumiwa na wasomaji, na makosa ni yale yale matatu. Silabi zinazidi. Herufi "g" inasomwa kama ya "genge". Na mkazo unaangukia pale ambapo Kiswahili kingeupeleka. Hilo la tatu ndilo zito kuliko mengine, kwa sababu mtu anaweza kutamka kila sauti vizuri na bado msikilizaji akamuuliza, "Umesema nini?"

Historia ya neno tuiache. Maana yake ni utaratibu wa urithi ambao kifungua mimba ndiye hupewa mali yote, au cheo, au kiti cha ufalme. Tuingie kazini.

## Vitu vya kuandaa

- Kamusi ya Kiingereza yenye sauti, iwe ya kwenye simu au kwenye kompyuta.
- Kinasa sauti. Kile cha simu kinatosha kabisa.
- Karatasi na penseli.
- Meza au ubao wowote unaoweza kuugonga kwa kidole.
- Dakika 20 mahali ambapo huoni haya kupaza sauti. Kufanya mazoezi haya kwa kunong'ona ni kupoteza muda, maana mkazo hausikiki katika mnong'ono.

Kabla ya kuanza, amua utafuata lafudhi ya Uingereza au ya Marekani. Katika neno hili tofauti kubwa iko mwishoni: Mmarekani hutamka "r" ya mwisho, ilhali Mwingereza wa lafudhi ya kawaida ya redioni huiacha. Zote ni sahihi. Kosa ni kuchanganya, leo hivi na kesho vile, kwa sababu ulimi hautajenga mazoea. Humu nitaandika mwisho wa neno kama "cha", kwa lafudhi ya Uingereza. Ukichagua ya Marekani, ongeza "r" laini baada yake.

## Hatua ya 1: Sikiliza kabla ya kutazama

Bonyeza sauti ya kamusi mara tatu huku umefumba macho. Usirudie neno. Sikiliza tu, ujiulize swali moja: sauti inapanda wapi?

Nina sababu ya kusisitiza kufumba macho. Sisi tumezoea lugha ambayo maandishi yake husema kweli. Unachokiona ndicho unachokitamka. Macho yakishaona "primogeniture", mdomo hujiandaa kusema "pri-mo-ge-ni-tu-re", na sauti ya kamusi inapofika masikio yameshafungwa na maandishi. Wengi huniambia wamesikiliza mara kumi na hawakusikia tofauti yoyote. Walikuwa wanasoma na kusikiliza kwa wakati mmoja.

Utajua umefaulu ukiweza kuonyesha kwa mkono, kama kiongozi wa kwaya, mahali sauti inapopanda na inaposhuka, hata kama bado huwezi kulitamka neno lenyewe.

## Hatua ya 2: Hesabu silabi kwa kidole

Sasa fumbua macho. Bonyeza tena sauti, na safari hii gonga meza kila unaposikia pigo. Unapaswa kupata mapigo matano.

Ukipata sita, una kosa moja kati ya mawili. La kwanza ni kuitamka "e" ya mwisho. Hiyo "e" ni bubu. Ipo kwenye karatasi tu. La pili ni gumu zaidi kulinasa: umeikata silabi ya kwanza vipande viwili. Mwanzo wa neno hili husikika "prai", na kwa Kiswahili "a" na "i" zikifuatana huwa silabi mbili, kama katika "kaida" au "maisha". Kwa Kiingereza hizo ni silabi moja. Ulimi unaanza kwenye "a" na kuteleza hadi "i" bila kukanyaga mara ya pili. Gonga pigo moja tu kwa "prai" nzima.

Ukipata saba, huenda juu ya kosa hilo umechomeka pia irabu kati ya "p" na "r", ikawa "pirai" au "purai". Anza na midomo iliyofungwa kwa ajili ya "p" huku ulimi umeshajiweka tayari kwa "r", kisha uachie zote mbili kwa mkupuo.

Tahadhari kuhusu ile mbinu maarufu ya kuweka mkono chini ya kidevu na kuhesabu kinavyoshuka. Kwa Kiswahili inafanya kazi vizuri kwa sababu irabu zetu zote hufunguka wazi. Kwa Kiingereza silabi dhaifu hupita bila kidevu kusogea hata kidogo, kwa hiyo utahesabu tatu mahali penye tano. Tumia kidole na meza.

Utajua umefaulu ukigonga mara tano, mara tatu mfululizo, bila kusita.

## Hatua ya 3: Gawa neno kwenye karatasi, na uelewe nukta za kamusi

Kamusi nyingi, hasa za Marekani, hugawa neno hili kwa nukta namna hii:

pri · mo · gen · i · ture

Hapa ndipo wasomaji wengi hupotea, wakidhani nukta hizo zinaonyesha mahali pa kupumua wanapotamka. Hapana. Kazi yake ya kwanza ni kumwonyesha mwandishi mahali anapoweza kulikata neno likifika mwisho wa mstari. Ukitamka kwa kufuata nukta hizo, utajikuta unaitenga "i" peke yake, na neno litasikika kama gari linalozimika kila hatua.

Kwa sikio, mgawanyo ni huu:

prai – mo – JE – ni – cha

Tazama ilikoenda "n". Kwenye karatasi imefungiwa pamoja na "ge". Kwa sikio letu inaruka kwenda kuungana na "i" na kuwa "ni". Usipigane na jambo hili. Kiswahili hupenda silabi zinazoishia na irabu, na mara hii mazoea yako yanakusaidia.

Lakini nukta zile zina siri moja yenye faida kubwa, na sijui kwa nini haifundishwi zaidi. Silabi iliyoachwa wazi, yaani inayoishia na irabu, mara nyingi irabu yake hutamkwa kama jina la herufi yenyewe kwa Kiingereza. "Pri" imeachwa wazi, ndiyo maana "i" inakuwa "ai". "Mo" imeachwa wazi, ndiyo maana "o" yake huelekea "ou". "Gen" imefungwa na "n", ndiyo maana "e" yake ni fupi, kama "e" yetu ya kawaida. Kwa hiyo usizitumie nukta kama vituo vya kupumulia. Zitumie kama dalili za irabu.

Na ukilazimika kulikata neno mwishoni mwa mstari unapoandika, likate "primo-" kisha "geniture". Usiache "i" ikining'inia.

Utajua umefaulu ukiwa na migawanyo yote miwili kwenye karatasi yako, na ukaweza kueleza kila mmoja ni wa kazi gani.

## Hatua ya 4: Pata kila sauti kutoka katika maneno unayoyajua tayari

Hutajifunza sauti mpya hapa. Karibu zote umeshazitamka maishani kupitia maneno ambayo Kiswahili kimeyakopa.

Prai. Ichukue kwenye "praimari", kama watu wanavyosema wakitaja shule ya msingi. Usiichukue kwenye neno la Kiingereza "primitive". Hilo linaanza na "pri" fupi, na ndilo linalowapotosha waliozoea kusoma zaidi ya kusikiliza. Ndugu wa kweli wa neno letu ni "prime" na "primary".

Kuhusu "r" yenyewe: "r" ya Kiingereza haigongi juu ya kinywa kama yetu, ulimi hujikunja na kubaki hewani. Ukiweza, fanya hivyo. Ukishindwa, usipoteze siku nzima, kwani "r" yetu hapa inaeleweka bila tatizo. Kisichoeleweka ni "plai". Kama lugha yako ya nyumbani inachanganya "r" na "l", simama hapa urudie "prai" mara 20 kabla ya kuendelea.

Mo. Kama mwanzo wa "moto", ila ifupishe isijivute. Wanaotaka lafudhi ya Kiingereza kamili huikunja kidogo mwishoni iwe karibu na "mou". Si lazima.

Je. Kama mwanzo wa "jenereta". Hili ndilo dawa ya kosa la "genge". Katika Kiingereza, "g" ikifuatwa na "e" katika maneno yenye asili ya Kilatini huwa "j" kwa kawaida: "general", "generation", "gender", "genius". Ukiona "gen" katika neno refu la kisheria, anza kwa kudhani ni "jen". Mara chache sana utakosea.

Ni na cha. Hizi mbili zinakwenda pamoja, nazo ziko nyumbani kwako. Chukua neno "fanicha". Ondoa "fa". Kilichobaki, "nicha", ndicho mwisho wa "primogeniture", sauti kwa sauti. Tazama maandishi ya Kiingereza uone: "fur-niture", "primoge-niture". Mwisho ni mmoja, umeandikwa sawa na unatamkwa sawa.

Nilipomwonyesha hilo msomaji mmoja aliyekuwa amehangaika kwa wiki mbili, alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akalitamka neno zima. Alikuwa nalo siku zote.

Kuna watu watakuambia mwisho ni "tyua", si "cha". Matamshi hayo yapo, na kamusi nyingine huyaorodhesha kama chaguo la pili au la tatu. Usibishane nao. Ila "ture" kama ilivyoandikwa, kwa "tu" na "re", haipo popote.

Utajua umefaulu ukitamka silabi tano moja moja, ukipumzika katikati, bila kutazama karatasi.

## Hatua ya 5: Weka mkazo mahali pake

Hii ndiyo hatua ya mwongozo mzima. Kama una muda wa kufanya hatua moja tu, fanya hii.

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tunafanya hivyo bila kufikiri, hata kwa maneno ya kukopa. Waingereza huanza "furniture" kwa nguvu kisha wakashuka; sisi tukaichukua tukaifanya "fa-NI-cha". Kwa hiyo ukiachia ulimi wako ujiendee, utasema "prai-mo-je-NI-cha". Kila sauti iko sawa, na neno limeharibika. Msikilizaji wa Kiingereza hutafuta mkazo kwanza. Asipoukuta alipouzoea, hashiki neno.

Mkazo wa kweli uko kwenye "JE", silabi ya tatu kutoka mwisho.

Je, kuna neno la Kiswahili lenye mkazo huo? Lipo, tena unalisema mara kwa mara. Ni "barabara". Siyo ile ya kupita magari, ambayo mkazo wake uko kwenye "BA" ya pili kutoka mwisho: ba-ra-BA-ra. Ninayoitaka ni ile ya "sawasawa", unaposema "amelijibu swali barabara": ba-RA-ba-ra. Sema yote mawili kwa sauti, moja baada ya jingine. Sikia tofauti. Silabi zilezile nne, herufi zilezile, na maana mbili kwa sababu ya mkazo peke yake. Basi hivyo ndivyo Mwingereza anavyolisikia kila neno la lugha yake.

Sasa weka juu ya mdundo huo:

ba – RA – ba – ra
mo – JE – ni – cha

Gonga meza kwa nguvu kwenye RA, kisha kwenye JE. Sema "baRAbara, moJEnicha" mara kumi bila kusimama. Usiongeze "prai" kwanza. Ukiwahi kuiongeza, mazoea ya zamani yanarudi.

Mkazo si kupiga kelele. Una mambo matatu yanayokwenda pamoja: silabi inakuwa ndefu kidogo, inapanda juu kidogo, na inasikika wazi zaidi ya jirani zake. Na kuna jambo la nne ambalo kwetu ni gumu, nalo ni kuzinyima nguvu silabi zilizobaki. "Ni" inapita haraka. "Cha" haifunguki hadi kuwa "cha" ya "chakula". Inaishia kwenye sauti hafifu, kama ile unayotoa mdomo ukiwa umelegea na huna la kusema. Katika kamusi sauti hiyo huandikwa kwa "e" iliyopinduliwa, hivi: ə.

Silabi ya kwanza, "prai", ina mkazo mdogo. Ichukulie kama ngazi ya chini kabla ya kupanda kwenye JE.

Tahadhari ya alama za kamusi. Ukifungua kamusi ya Uingereza utakuta maandishi kama haya: /ˌpraɪməʊˈdʒɛnɪtʃə/. Kijistari cha juu (ˈ) ndicho mkazo mkuu, na kinakaa kabla ya silabi husika. Kijistari cha chini (ˌ) ni mkazo mdogo. Kuna kamusi za Marekani zinazoweka alama baada ya silabi. Usipoangalia utaratibu wa kamusi uliyonayo, utausukuma mkazo hatua moja nyuma au mbele, nawe ukaamini umefuata kitabu. Angalia kwanza neno unalolijua vizuri, kwa mfano "teacher", uone alama imekaa wapi, ndipo ufungue neno unalolitafuta.

Utajua umefaulu ukiweza kulihumu neno bila kutamka sauti zake, yaani "mm-mm-MM-mm-mm", na mwenzako akakuonyesha kwa kidole silabi ya tatu.

## Hatua ya 6: Lijenge kuanzia mwisho

Watu hujenga neno refu kuanzia mwanzo: prai, praimo, praimoje… Pumzi hupungua wakielekea mwisho, na mwisho ndio mgumu. Ndiyo maana neno huishia kwenye mnong'ono.

Geuza. Anza nyuma:

1. cha
2. nicha
3. JEnicha
4. moJEnicha
5. praimoJEnicha

Kila mstari useme mara tano. Faida yake ni kwamba kila unapoongeza kipande kigeni mbele, unaelekea kwenye kipande ulichokizoea. Mwisho unakuwa sehemu imara ya neno.

Makini na mstari wa 3 kwenda wa 4. Hapo ndipo mkazo hupenda kuteleza kutoka JE kwenda NI. Ukiteleza, usiendelee kwa matumaini kwamba utajirekebisha mbele. Rudi kwenye "baRAbara", kisha uanze mstari wa 3 upya.

Utajua umefaulu ukisema mstari wa 5 kwa pumzi moja, kwa mwendo uleule unaotumia kusema neno la kawaida kama "wanafunzi".

## Hatua ya 7: Liingize kwenye sentensi

Neno likikaa peke yake ni rahisi. Katika sentensi hukutana na majirani, na huko mazoea ya Kiswahili hurudi kupitia mlango wa nyuma. Soma hizi kwa sauti:

- "the law of primogeniture"
- "male primogeniture"
- "Sweden adopted absolute primogeniture in 1980."
- "The Succession to the Crown Act 2013 ended male-preference primogeniture in the British royal succession."

Sentensi mbili za mwisho zina habari ya kweli ndani yake, na kujua unachokisema kunasaidia ulimi. Sweden iliamua kuanzia mwaka 1980 kwamba kifungua mimba wa mfalme hurithi kiti awe mwanamke au mwanamume. Uingereza ilifika huko baadaye: sheria ya 2013 ilianza kutumika rasmi Machi 26, 2015, na huwahusu waliozaliwa baada ya Oktoba 28, 2011. Kabla ya hapo mdogo wa kiume alimtangulia dada yake mkubwa.

Hatari ya kwanza ni kuongeza irabu mwishoni mwa neno linalotangulia. "Male" isigeuke "meli", wala "absolute" isiwe "absoluti". Ukiongeza irabu hiyo umeongeza silabi, na mdundo wote uliojenga katika hatua ya 5 unavurugika. Funga konsonanti, kisha ingia moja kwa moja kwenye "p".

Hatari ya pili inawahusu waliochagua lafudhi ya Uingereza. Nimesema "r" ya mwisho haitamkwi. Lakini neno linalofuata likianza na irabu, ile "r" hufufuka. "Primogeniture is" husikika "praimoJEnicha-riz", na "primogeniture in" husikika "praimoJEnicha-rin". Hii si lafudhi ya Marekani iliyoingia kwa bahati mbaya. Ndivyo Waingereza wenyewe wanavyounganisha.

Utajua umefaulu ukisoma sentensi ya mwisho hadi nukta bila kupunguza mwendo unapolikaribia neno. Kupunguza mwendo ni dalili kwamba bado unaliogopa.

## Hatua ya 8: Jirekodi na ujihukumu kwa haki

Rekodi "the law of primogeniture" mara tatu. Weka simu chini, fanya shughuli nyingine kwa nusu saa, kisha usikilize. Ukisikiliza papo hapo, ubongo bado una sauti uliyokusudia, na hiyo ndiyo utakayoisikia badala ya ile uliyoitoa.

Jiulize kwa mpangilio huu, usiruke: Mapigo ni matano? Mkazo uko JE? "G" imekuwa "j"? Mwisho umekuwa hafifu? Ukikwama kwenye swali moja, rudi kwenye hatua yake tu. Usianze yote upya, kwani utachoka na kuacha.

Lafudhi yako isikusumbue. Ukisikika kama Mswahili anayesema Kiingereza kwa usahihi, hakuna ulichopungukiwa. Ninachokitafuta kwenye rekodi ni mdundo sahihi. Sitafuti mtu aliyejigeuza Mwingereza.

## Maneno mengine ya mirathi kwa njia ileile

Ukishaipata "JE" yako, utashangaa ni maneno mangapi ya familia hii yanayobeba mkazo kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho.

Disinheritance, kumnyima mtu urithi: di-sin-HE-ri-təns. Silabi tano. Kosa letu hapa ni kumalizia kwa "tansi". Hiyo "i" ya ziada inaleta silabi ya sita, na mkazo unahamia "TA" palepale. Malizia na "s" ya kuzima, kama unavyomnyamazisha mtu. Na "h" lazima isikike.

Kuhusu hiyo "h", kuna mtego. Katika "inherit", "heritage" na "hereditary" hutamkwa. Katika "heir", "heiress" na "heirloom" haitamkwi kabisa. "Heir" husikika sawasawa na "air". Hakuna kanuni ya kukuokoa hapa. Yashike haya matatu ya "heir" kuwa ndiyo yasiyo na "h".

Intestacy, hali ya kufa bila kuacha wosia: in-TES-tə-si. Testamentary, yanayohusu wosia: tes-tə-MEN-tə-ri. Executor, msimamizi aliyetajwa kwenye wosia: ig-ZEK-yu-tə. Zote tatu, hesabu kutoka mwisho: moja, mbili, tatu.

Usilifanye hili kuwa kanuni ya lugha nzima. "Succession" ina mkazo wa pili kutoka mwisho, sək-SE-shən, na hapo mazoea yetu yanatosha. "Administrator" unarudi nyuma hadi silabi ya nne kutoka mwisho: əd-MI-ni-strei-tə. Neno jipya likija, kamusi kwanza, kukisia baadaye.

Jihadhari pia na pacha wa neno letu. "Primogenitor" ni neno jingine, lenye maana ya babu wa kale wa ukoo. Linafanana hadi silabi ya nne, mkazo uko palepale, lakini mwisho wake ni "tə", siyo "chə". Ukitamka vibaya herufi moja ya mwisho, umehama kutoka sheria ya urithi hadi kwa mtu.

Mtihani wa mwisho nakuachia huu: "ultimogeniture", utaratibu ambao kitinda mimba ndiye hurithi. Usiitafute kwenye kamusi kwanza. Mwanzo wake ni "al-ti-mo", na mwisho umeshaujua. Gonga meza, upate mapigo sita, kidole kikishuka kwa nguvu kwenye la nne. Kisha ndipo ubonyeze sauti ya kamusi na ulinganishe.